Mstari Niliomficha Madam

Sisi tulimwita Madam, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikozaliwa sikujui. Ukoo wake nilimwuliza mara moja tu, akanigeukia akasema, "Kwani unaleta posa?" Sikuuliza tena. Ninachokijua ni cha uani: chumba kimoja cha nyuma katika nyumba ya mama yangu, Igoma, Mwanza, alichopanga kwa miaka tisa, na meza yake aliyoielekeza ukutani kwa sababu, alisema, anayetazama dirisha hamalizi kazi.

Kabla ya hapo alikuwa amenifundisha kompyuta, kidato cha tatu na cha nne. Matokeo yangu yalipotoka hakuna aliyeshangaa, hata mimi. Mama akanifungulia steshenari kwenye dirisha la mbele: kutoa kopi, kuchapa barua, kuchaji simu za watu. Nipo hapo mpaka leo. Mimi ni mtu wa ndani. Wapo wenzangu waliofika Dubai. Mimi kumsindikiza shangazi stendi ya Nyegezi naihesabu kuwa safari, na nikirudi nalala mchana. Madam hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Fomu Foo, kidato nilichoishia. "Fomu Foo, njoo unisomee hiki." "Fomu Foo, hivi ulifaulu nini vile? Uraia?" Ilikuwa Uraia, tena kwa kuponea chupuchupu.

Naandika habari zake kwa sababu moja, na ni heri niiseme kabla sijaanza kuwachekesha watu. Kule Nansio, kisiwani, yupo mtoto wa kike ambaye hasikii. Madam aliondoka kwetu na lawama ya masikio yale, akaishi nayo miaka mitano akiamini kwamba kichwa chake kilimsaliti. Mimi nilikuwa na neno la kumwambia ambalo lingebadilisha hesabu hiyo. Kwa miaka mitano nilikaa nalo dirishani, nikitoa kopi.

Kazi yake, baada ya kuacha kufundisha, ilikuwa kuandika programu kwa lugha ya Java kwa ajili ya zahanati za visiwani. Ile kubwa kuliko zote ilikuwa ya dozi. Nesi anaandika umri wa mtoto, uzito wake, na jina la dawa. Kompyuta inamwambia achome kiasi gani na mara ngapi kwa siku. Basi. Ukiisikia hivyo unaona ni kitu kidogo. Madam hakukiona kidogo. Alisema visiwani nesi mmoja anahudumia foleni ya watu arobaini, na ikifika saa nane mchana hesabu ya kichwani inachoka kabla ya miguu.

Watu hudhani programu ikishaandikwa imekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo, na darasani nilikuwepo. Madam alikuwa akisema, "Kuandika ni kuchora ramani. Nyumba bado haijasimama." Anayesimamisha nyumba ni programu nyingine, chombo cha kujengea, na yeye alikiita Mjenzi, kama vile ni mtu aliyekaa pale chumbani na suruali yenye saruji. Mjenzi hukusanya ulichoandika wewe, huchukua na vipande vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo wao huviita maktaba, huviunganisha vyote kuwa faili moja linaloweza kupelekwa zahanati kwa flashi. Lakini Mjenzi hana akili yake mwenyewe. Anasoma faili la mipangilio: tumia Java ya mwaka gani, usile kumbukumbu zaidi ya kiasi hiki, maktaba kazichukue ghala fulani la mtandaoni. Usipomwambia, anajiamulia. Ukimwambia vibaya, anakutii.

"Kompyuta haina huruma, Fomu Foo," alisema. "Ina utii tu. Ndiyo maana inatisha."

Nilikuja kuyajua mambo haya kwa sababu ya macho yake. Alikuwa na presha ya macho. Ilianzia pembeni, akawa anaona katikati tu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, halafu bomba likaanza kuwa jembamba. Asingekubali kusema. Alihesabu hatua: kumi na moja kutoka mlangoni kwake hadi bombani, kumi na tisa hadi chooni. Mama akihamisha ndoo, Madam anaipiga teke, na badala ya kusema hajaiona anasema, "Nani kaweka ndoo kama mtego wa panya?" Mama anajibu, "Samahani, Madam," kisha anairudisha ndoo mahali pake pa zamani. Tangu mwaka wa sita wa Madam kwetu, mama yangu hakuhamisha kitu uani, hata jiwe la kufulia.

Siku moja mama alimwuliza, "Hivi hiyo mashine yako, Madam, inakula nini kutwa nzima?"

"Inakula macho yangu, dada."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, na mimi ndiye ninayejulikana kwa kucheka hovyo.

Basi nikawa macho yake, na baadaye nikawa mikono. Yeye anatamka, mimi nachapa. Wateja wake hawakujua. Mtu wa zahanati akipiga simu, Madam anasema, "Naangalia hapa kwenye skrini," huku ameangalia ukuta. Nami nilinyamaza, nikaona ni heshima. Sasa naona tulikuwa watu wawili tuliojifundisha kudanganya pamoja, mwalimu na mwanafunzi, na kwa somo hilo mimi nilifaulu.

Siku ya kwanza kuchapa mipangilio nilimharibia. Aliniambia nimpe Mjenzi kumbukumbu ya giga nne. Mimi nikabonyeza sifuri baada ya nne ile, zikawa arobaini, kwenye mashine yenye giga nane kwa jumla. Mjenzi akagoma hata kuamka. Nikamsomea maandishi mekundu kwa sauti ya msibani. Madam akatafuna karanga, akasema, "Umemtengea mtu gunia zima la ugali kwenye kisosi. Unashangaa nini hajakaa mezani?" Karanga zenyewe alizikataza. Darasani alikuwa anakupeleka kwa mkuu wa shule ukila karibu na kompyuta. Kwenye kibodi yake mwenyewe maganda yalijaa mpaka herufi K ilikuwa inalia.

Nilipotaka kuweka Java mpya, kwa sababu nilisoma mahali kwamba ni nzuri, alinikaripia kweli kweli. "Unamjengea nani? Mashine ya mwisho kabisa, ile ya kule kisiwani yenye feni inayokohoa, hiyo ndiyo bosi wetu. Kama haiwezi kufungua programu, hatujajenga kitu." Tukabaki na Java ya zamani. Alikuwa mkali namna hiyo kwa ajili ya watu asiowaona. Kwa waliokuwa mbele yake alikuwa na ukali mwingine, usio na maana kila mara. Kuna binti alikuja dirishani kwangu kuchapa barua ya kazi, Madam akapita na kumwambia barua ile ni ya mtu asiyetaka kazi. Binti akalia. Madam akarudi baada ya dakika tano, akakaa naye, akamwandikia upya yote kwa mdomo, mimi nikachapa. Hakumwomba radhi. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi wakati ule. Radhi alikuja kujifunza baadaye, Nansio, na mwalimu wake hakuwa mpole.

Misemo yake mingine mpaka leo naitumia kwa mambo yasiyohusu kompyuta. Mmoja ulikuwa kuhusu mahali pa mipangilio. Kuna faili la mipangilio linalokaa ndani ya mradi, ambalo kila mtu analiona. Kuna na lingine linalokaa kwenye folda iliyofichwa, nyumbani kwa mwenye kompyuta, na hilo halisafiri na mradi. Yakigombana, mara nyingi la nyumbani ndilo linashinda. "Ni kama baba akisema kwenye kikao cha ukoo na mama akisema jikoni," alisema. "Mnaandika muhtasari wa kikao. Mnakula cha jikoni."

Mwingine ulikuwa: andika namba. Maktaba zina matoleo, na kila toleo lina namba yake. Ukimtuma Mjenzi, mwambie namba hasa unayoitaka. Ukimwambia "leta jipya kabisa lililopo," umemwachia akuamulie. Aliwahi kunipigia meza kwa hilo.

Na wa tatu: kijani si ushahidi. Mjenzi akimaliza bila tatizo anaandika kwa rangi ya kijani kwamba amefaulu. Madam alisema rangi ile inamaanisha tu kwamba matofali yamekaa juu ya matofali. Haikuambii kama umejenga zahanati au umejenga bucha. Kwa hiyo kila tulipopata kijani tulimpima mtoto wa uongo, mwenye kilo nane, tukaangalia dozi. Yeye anaijua kwa kichwa, mimi namsomea ya kwenye skrini. Zikilingana, ndipo flashi inakwenda.

Huyu ndiye mtu aliyeandika, kwa mdomo wake na kwa vidole vyangu, "jipya kabisa" mbele ya maktaba ya dozi. Nilishangaa. Nikamwambia, "Madam, namba?" Akasema, "Acha hivyo." Nilielewa baadaye. Maktaba ile ilikuwa ya mwenzake mmoja wa Dodoma aliyekuwa akiibadilisha mara kwa mara, na kila kubadilisha namba kulimaanisha kuniita mimi, kunisubiri nimalize kopi za watu, kukiri tena kwamba haoni. Alichoka kuniita.

Na mimi sasa.

Mtandao wa kazi ile ulikuwa unatoka kwenye simu yangu. Mjenzi, kila akiamka, anakwenda mtandaoni kuuliza kama kuna jipya, na kila akienda anakula bando. Jumamosi moja nilikuwa na mechi ya kuangalia. Mara mbili kabla ya hapo bando lilikata dakika za mwisho na nikasikia goli kwa jirani. Nikasoma mahali kwamba kuna mstari mmoja mfupi unaomwambia Mjenzi asitoke kwenda mtandaoni, atumie vilivyomo ndani. Kwa kifupi, nilitaka kumfanya Mjenzi awe kama mimi. Nikauweka mstari ule kwenye faili la nyumbani, kwenye ile folda iliyofichwa, nikapanga kuutoa Jumatatu. Jumatatu ikapita. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, tena haraka zaidi. Madam akasema, "Leo Mjenzi ana mbio." Nikasema, "Amezoea, Madam."

Kama wiki tatu baadaye yule mwenzake wa Dodoma akapiga simu. Kwenye maktaba yake amekuta kosa. Kwa watoto wa chini ya kilo kumi, dawa moja ya sindano, ambayo hatukuwahi kumpimia mtoto wetu wa uongo, ilikuwa inaonyesha dozi ya siku nzima kana kwamba ni ya sindano moja, wakati sindano ni mbili kwa siku. Ni dawa ambayo ikizidi huua masikio. Alikuwa amesharekebisha na toleo jipya liko ghalani. Madam alisimama aliposikia. Akaniita kwa sauti kali mpaka wateja wangu wawili wakaondoka bila kopi zao. "Jenga upya. Sasa hivi."

Nikajenga. Kijani. Umeme ukakatika hapo hapo, na betri ya laptopu ile ilikuwa imekufa siku nyingi; bahati, kwa maneno ya siku ile, faili lilikuwa limeshaingia kwenye flashi. Nje alikuwa amesimama mtu wa zahanati, mkono mmoja kwenye pikipiki, meli ya Nansio inaondoka saa nane. Mtoto wa kilo nane hatukumpima.

"Ni kijani?" aliniuliza.

"Kijani, Madam."

"Mpe aende."

Mnaona kilichotokea. "Jipya kabisa" kwa Mjenzi asiyetoka nje ni jipya kabisa lililomo ndani, yaani lile lile la zamani, lenye kosa. Hakuna kilichogoma. Hakuna maandishi mekundu. Tulituma kosa lile lile, safari hii likiwa na ujumbe wa Madam unaosema kwamba limerekebishwa, na nesi ambaye alikuwa ameanza kuitilia shaka dozi ile akatulia.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu na kilo tisa. Alichomwa siku saba. Homa ikapona, akarudi kwao. Ilichukua mwezi mama yake kugundua kwamba mlango ukibamizwa hageuki. Daktari aliyempima huku Mwanza alisema inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa ugonjwa wenyewe, hakuna wa kuapa. Lakini karatasi ya dozi ilikuwepo, na waliokuja kuuliza waliisoma.

Jioni ya siku waliyokuja watu wale Madam aliniita, akaniambia nimsomee mipangilio yote. Mstari kwa mstari, faili la mradi. Nikasoma. Nilipofika penye "jipya kabisa" akainua mkono. "Hapo sawa. Angeleta jipya. Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho. Akauliza:

"Na la nyumbani?"

Nilikuwa nimeshalifungua. Lilikuwa mbele yangu. Mstari wangu ulikuwa peke yake, hauna hata mwenzake wa kujifichia. Yeye alikuwa ameelekeza uso wake ukutani, kidogo kushoto kwa pale nilipokuwa, anasubiri.

"Hakuna kitu, Madam," nikasema. "Tupu."

Na nikaufuta, pale pale, huku akiwa amekaa.

Alitumia wiki mbili kutafuta. Alinifanya nijenge tena na tena, na safari hizi, bila mstari ule, Mjenzi alitoka, akaleta toleo jipya, na dozi ikawa sahihi kila mara. Hilo ndilo lililomvunja. Kosa lisilorudi halina mwenyewe. Nilimwona akihesabu kwa vidole, akijiuliza kwa sauti kama alinitamkia jambo akasahau, kama ile siku alisema jenga au aliota amesema. Mwisho akawaandikia zahanati, mimi nikichapa, kwamba kosa ni lake. Kwamba haoni, na aliwaficha. Kwamba hakumpima mtoto wa kilo nane. Na kwamba sasa hana hakika tena na kumbukumbu zake, hivyo asipewe kazi nyingine. Nilichapa barua ile bila kosa hata moja la herufi.

Akahamia Nansio kwa dada yake. Mama alimfungia karanga. Kwaheri yake kwangu ilikuwa, "Fomu Foo, usiuze hiyo mashine. Huenda akili ikarudi."

Miaka mitano. Mnaweza kudhani nilikuwa na mateso makubwa. Nilikuwa nayo kidogo, asubuhi hasa, kisha wateja wanakuja. Nilijiambia meli huzama. Nilijiambia mtoto hatasikia hata nikisema. Nilijiambia daktari mwenyewe hakuapa. Mtu wa ndani ana sababu nyingi za kutotoka, na zote huzipata amekaa.

Kilichonitoa ni simu yake. Alipiga mwenyewe mwaka huu, sauti imekauka. Baada ya salamu akasema shule moja kule ilimwomba aje tu awafundishe watoto kwa mdomo, mambo ya mwanzo, naye amekataa. "Kichwa hiki sikiamini, Fomu Foo. Naweza kuwafundisha uongo nisijue. Ile laptopu ifute, mpe mtu." Nikasema sawa, Madam. Nikakata simu. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu anachambua maharage. Akasema, "Mbona umekaa kama umemwagiwa maji?"

Nikamwambia yote. Yeye alikuwa wa kwanza. Mama hakunifokea. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na shati langu la kanisani, akaliweka kwenye kaunta juu ya kopi za mteja. "Meli ya asubuhi," akasema.

Nilikaa katikati ya meli, mbali na kila ukingo, nimeshika nguzo kama ndugu yangu. Nansio nikauliza, nikaonyeshwa. Madam alikuwa amekaa kibarazani kwa dada yake. Amekonda. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti na haikuwa na kazi yoyote, na hilo lilinitisha kuliko macho.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba." Akainamisha kichwa. "Fomu Foo? Wewe? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Madam."

"Basi umepotea njia."

Niliketi chini nikasema. Nilitaka kuanza na mechi, na bando, na ujinga, lakini kabla sijafika popote alinikatiza.

"Mstari wenyewe. Sema ulivyoandikwa."

Nikautamka, herufi kwa herufi, pamoja na alama zake. Aliusikiliza kama anavyosikiliza mtu jina la ugonjwa wake. Midomo ikamsogea, alikuwa anapanga. Maktaba. Jipya kabisa. Ndani. Kijani. Nikaona anafika.

"Siku ile nilipokuuliza la nyumbani, ulikuwa unauona?"

"Nilikuwa nauona."

"Na nilipokuwa najenga wiki mbili?"

"Nilikuwa nimeshaufuta."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Nilidhani nimeanza kupungukiwa," akasema. "Niliacha kuhesabu chenji. Nikiambiwa jambo namwuliza dada yangu kama kweli limesemwa. Miaka mitano, wewe, nalala na kichwa nisichokijua." Akapapasa, akaipata fimbo yake. Siku hizi alikuwa na fimbo. "Lakini umekosea mlango. Anayedai jibu si mimi. Nyanyuka."

Njiani aliniambia mambo matatu tu. Kwamba kila Jumapili baada ya ibada anakwenda kwa mama wa yule binti asiyesikia. Kwamba anaitikiwa salamu na anapewa kigoda. Kwamba maji hajawahi kupewa. "Mgeni kwake anapewa maji, hata mwuza sabuni," alisema. "Mimi hapana. Aliniuliza siku ya kwanza: ulikosea wapi? Nikamwambia sijui. Akasema basi ukijua utakunywa."

Tulimkuta anaanika muhogo juu ya mwamba. Mwanamke wa umri wangu tu, mikono myeupe ya unga. Binti alikuwa pembeni yake; ana miaka sita sasa, mrefu, anaangalia midomo ya watu kama anayesoma bango la mbali. Alipomwona Madam alikuja mbio, akamshika kiganja, akachora humo herufi kwa kidole. Madam akasema, "M. Vizuri." Yule hakusikia kwamba amesifiwa, aliona tu kichwa kikitikisika.

"Karibuni," alisema mama yake. "Leo si Jumapili."

"Si Jumapili," Madam akajibu. "Huyu ni mwanafunzi wangu. Ana jibu lako."

Nikasimama, nikasema. Nilisema bila kupunguza: mstari, mechi, uongo, kufuta. Mambo ya Mjenzi nilieleza vibaya, nikakwama, na Madam hakunisaidia. Yule mama aliendelea kugeuza vipande vya muhogo, kimoja kimoja, mpaka nikamaliza. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo mechi, mlishinda?"

Nilitafuta kichwani. Sikukumbuka. Nikamwambia sikumbuki.

Akafuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani. Tulisikia kifuniko cha mtungi. Akatoka na kikombe cha bati, akakiweka mkononi mwa Madam, akamkunja vidole juu yake ili ajue ameshika nini.

Madam alikaa nacho. "Na mimi nina wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema 'jipya kabisa.' Mimi ndiye niliyesema mpe aende, na mtoto wa kilo nane sikumpima. Hayo nilikwambia zamani. Sasa nayajua yote."

"Kunywa, mama," yule akasema. "Nilisema ukijua."

Akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, na koo lake lilikuwa linasikika. Alipomaliza akafuta mdomo akauliza, "Na huyu?"

Mama wa binti aliniangalia, kuanzia shati la kanisani hadi viatu.

"Huyu naye na aanze Jumapili zake," akasema.

Nimeshavuka ziwa mara saba tangu siku ile. Madam anafundisha shuleni siku mbili kwa wiki. Laptopu nilimpelekea, na nimemtafutia mwalimu kijana wa kumsomea skrini, si mimi. Mimi nakwenda Jumapili. Binti anazidi kurefuka, nami sina la kumchorea mkononi. Salamu naitikiwa. Kigoda napewa.